Pesa za mchezo zikishafika mkononi: Namna ya kuchagua mfuko wa uwekezaji usiokula jasho lako

Shangazi yangu huuza nazi na ndimu pale Kongowea. Mwezi uliopita zamu yake ya mchezo ilifika. Wako kina mama kumi na sita, kila mmoja hutoa shilingi 5,000 kwa mwezi, kwa hivyo mwenye zamu huondoka na 80,000. Usiku ule ule akanipigia simu.

"Mwanangu, n'na pesa ndani ya simu na usingizi hauji. Kijana wa jirani ashaniambia kuna kundi la WhatsApp, watia 20,000, baada ya siku arubaini watoa 40,000. Na binti mmoja aniambia kuna mfuko wa uwekezaji, pesa zazaa polepole. Nishike lipi?"

"Shangazi, hilo la siku arubaini liache kabisa. Hili la mfuko ngoja nije kesho tulizungumze."

Kesho yake tulikaa mkekani tangu alasiri hadi magharibi. Maswali aliyoniuliza ndiyo hayo hayo ninayoulizwa na madereva wa tuktuk, walimu na vijana wa hoteli kutoka Diani hadi Malindi. Wengi wana pesa kidogo, hawana muda wa kukaa mbele ya kompyuta wakifuatilia soko, na wanaogopa kuibiwa. Kwa hivyo nimeona niyaandike hapa.

Mfuko ni nini hasa

Fikiria jahazi. Mtu mmoja mwenye 80,000 hawezi kununua jahazi. Lakini watu mia tano wakichanga wanaweza, kisha wakamweka nahodha anayeijua bahari. Kinachopatikana hugawanywa kulingana na mchango wa kila mmoja, na nahodha hulipwa ujira wake.

Mfuko wa uwekezaji wa pamoja hufanya kazi vivyo hivyo. Watu wengi huweka pesa zao pamoja, kampuni ya wataalamu, yaani meneja wa mfuko, huzipeleka sokoni, na kila mwekezaji humiliki vipande kulingana na alichoweka. Mifuko mingi hapa Kenya hukuruhusu kuanza na shilingi 1,000, mingine hata 100, ukiwa na kitambulisho, PIN ya KRA na simu.

Jambo moja la kukumbuka kuhusu nahodha huyu: yeye hulipwa hata siku ambayo bahari imechafuka na nyavu zimerudi tupu. Tutalirudia hili, maana hapo ndipo watu wengi hupoteza pesa bila kujua.

Nani hushika pesa?

Hili ndilo lililokuwa swali la kwanza la shangazi, na lilikuwa swali zuri. "Huyo meneja akitoroka je?"

Sheria haimwachii meneja funguo zote. Mfuko uliosajiliwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, ambayo wengi tunaijua kwa herufi CMA, huwa na watu wanne tofauti. Kuna meneja anayeamua pesa ziwekezwe wapi. Kuna mdhamini anayesimamia maslahi ya wawekezaji na kuhakikisha meneja hakiuki masharti. Kuna mtunza mali, ambaye kwa kawaida ni benki, anayeshika pesa na hati zenyewe. Na kuna mkaguzi wa hesabu. Meneja akifilisika, mali ya mfuko si mali yake, na wanaomdai hawana haki ya kuikamata.

Mpangilio huo hukukinga dhidi ya wizi. Haukukingi dhidi ya hasara ya soko. Pia ujue kwamba bima ya amana za benki, ile inayolipa hadi shilingi 500,000 kwa kila mteja benki inapofungwa, haihusu vipande ulivyonunua kwenye mfuko. Yeyote anayekuambia kwamba mfuko "hauwezi kupoteza hata senti" hasemi kweli.

Aina nne unazoweza kukutana nazo

*Mfuko wa soko la fedha*, ambao vijana huuita MMF. Huu hukopesha serikali kwa muda mfupi kupitia hati za hazina za siku 91, 182 na 364, na huweka pesa nyingine benki kwa riba ya muda maalumu. Wakati mwingine hukopesha kampuni pia. Faida huhesabiwa kila siku. Ukitaka pesa zako huzipata baada ya siku chache za kazi, na kwa baadhi ya mifuko ni papo hapo kwenye simu. Mfuko huu hauyumbi sana, na ndio anayeanza huanza nao.

*Mfuko wa mapato ya kudumu*. Huu hununua zaidi hati fungani za serikali za miaka mingi. Faida yake yaweza kuwa kubwa kidogo, lakini bei ya kipande hupanda na kushuka. Riba za soko zikipanda, hati za zamani zenye riba ndogo hupungua thamani, na utaona salio lako likishuka kwa muda.

*Mfuko wa hisa*. Huu hununua hisa za kampuni katika Soko la Hisa la Nairobi. Kabla hujauingia, ikumbuke Safaricom. Hisa yake iliuzwa kwa umma shilingi 5 mwaka 2008. Mwaka uliofuata ilikuwa chini ya shilingi 3, na wengi wakauza kwa hasara huku wakilaani. Mwaka 2021 ilipita shilingi 40. Kufikia mwanzoni mwa 2024 ilikuwa imerudi kwenye shilingi kumi na kitu. Kampuni ni ile ile. Anayehitaji karo ya mtoto mwaka ujao hafai kuweka pesa hizo huko. Anayeweza kusubiri miaka kumi anaweza kulifikiria.

*Mfuko mseto*, unaochanganya hisa, hati fungani na pesa taslimu katika chungu kimoja.

Shangazi alinikatiza hapo. "Basi mimi nashika ule wa kwanza. Lakini iko mingi, kila mmoja na tangazo lake. Nitajuaje uliotulia?"

Tazama ada kabla ya kutazama faida

Hapa ndipo nawaomba mvute kiti karibu.

Mifuko ya soko la fedha hununua vitu vinavyofanana. Hati ya hazina ya siku 91 ni ile ile, awe ameinunua meneja wa ghorofa ya ishirini Nairobi au wa ofisi ndogo Mombasa. Kwa hivyo mapato kabla ya makato hayapishani sana. Kinachopishana ni ada. Mingi hutoza kati ya asilimia 1 na asilimia 2 na nusu kwa mwaka.

Mtu akisikia asilimia 2 huona ni kitu kidogo. Lakini ada haihesabiwi kwenye faida. Huhesabiwa kwenye pesa zote zilizomo. Tufanye hesabu ya shilingi 80,000 za shangazi, tukichukulia kwamba mfuko umepata asilimia 10 kabla ya makato.

Mfuko A hutoza asilimia 2. Mapato ni 8,000. Ada ni 1,600. Zinabaki 6,400. Serikali nayo huchukua kodi ya zuio ya asilimia 15 kwenye faida hiyo, yaani 960. Shangazi anabaki na 5,440.

Mfuko B hutoza asilimia 1. Mapato ni 8,000 yale yale. Ada ni 800. Zinabaki 7,200. Kodi ni 1,080. Shangazi anabaki na 6,120.

Sasa ongeza kupanda kwa bei. Tuseme bei za vitu zimepanda kwa asilimia 5 mwaka huo, ambayo ni katikati ya kiwango ambacho Benki Kuu hulenga. Bidhaa alizoweza kununua kwa 80,000 sasa zinahitaji 84,000. Ina maana 4,000 za kwanza za faida zimekwenda kufidia bei tu. Faida ya kweli, ile inayomwongezea unga na sukari nyumbani, ni 1,440 katika Mfuko A na 2,120 katika Mfuko B. Ile asilimia moja iliyoonekana ndogo imeifanya faida halisi ya B kuwa karibu mara moja na nusu ya ile ya A.

Miaka ikipita pengo huzidi, kwa sababu pesa iliyokatwa leo haizai tena kesho. Chukua kijana anayeweka shilingi 2,000 kila mwezi kwa miaka 20. Jumla atakayokuwa ametoa mfukoni ni 480,000. Pesa zikikua kwa asilimia 10 kwa mwaka baada ya makato yote, atakuta takriban 1,518,000. Zikikua kwa asilimia 8, atakuta takriban 1,178,000. Tofauti ni kama 340,000, na kwa kijana wa kawaida hiyo ni pikipiki mpya na chenji.

Kwa hivyo kabla hujajisajili, omba karatasi ya taarifa ya mfuko na uulize mambo haya kwa maneno ya wazi:

1. Ada ya usimamizi kwa mwaka ni asilimia ngapi?
2. Kuna ada ya kuingia au ya kutoka? Kwa mfuko wa soko la fedha haifai kuwepo. Mifuko ya hisa mingine hukata asilimia kadhaa siku ile ile unayoweka pesa.
3. Ile asilimia iliyoandikwa kwenye tangazo ni kabla au baada ya ada? Kabla au baada ya kodi?
4. Kutuma na kutoa pesa kwa simu kunanigharimu nini, na nani hulipa?
5. Nikitaka pesa zangu Jumatatu, nitazipata lini?

Swali la tatu lina siri. Mara nyingi kinachotangazwa ni baada ya ada lakini kabla ya kodi. Mmoja akikutajia kabla ya kodi na mwingine baada ya kodi, utalinganisha papa na nguru.

Usiache mbachao kwa msala upitao

Wengi huchagua mfuko kwa kutazama orodha ya viwango na kuruka kwa aliye juu. Mwezi ujao aliye juu ni mwingine, wanahama tena. Kila kuhama kuna siku ambazo pesa ziko njiani hazizai, na gharama za kutuma.

Viwango vyenyewe havikai mahali pamoja. Mwaka 2024 hati za hazina zilikuwa zikilipa zaidi ya asilimia 15. Mwaka uliofuata zilikuwa zimeshuka chini ya asilimia 10, na faida ya mifuko ikashuka nazo. Waliodhani wameahidiwa asilimia 15 milele walihisi wamedanganywa, ilhali hakuna aliyewaahidi. Meneja hatungi riba, yeye hupokea ile iliyoko sokoni na kukata chake.

Mfuko mmoja ukilipa zaidi ya wenzake kwa mbali, uliza unakopesha nani. Kukopesha serikali na kukopesha kampuni si sawa. Nakumatt ilikuwa na maduka makubwa hapa Mombasa, na ilikuwa imekopa mabilioni kwa wawekezaji kupitia hati za madeni ya muda mfupi. Ilipoanguka mwaka 2017, waliokuwa wameshika hati hizo walibaki wakizitazama. Imperial Bank ilifungwa Oktoba 2015 na Chase Bank ikafuata Aprili 2016, na kila aliyekuwa na amana kubwa humo alijua maana ya kuweka mayai katika kapu moja. Meneja anapaswa kukuonyesha ni sehemu gani ya mfuko iko serikalini, ipi iko benki na ipi iko kwa kampuni. Akikwepa swali hilo, ondoka.

Na suala la riba?

Katika pwani yetu hatuwezi kulipita swali hili. Mfuko wa kawaida wa soko la fedha, tukisema ukweli, faida yake ni riba. Jina "mfuko" haliibadilishi.

Iko mifuko inayofuata sharia, nayo husimamiwa na CMA ile ile. Tofauti ni kwamba ina jopo la masheikh wanaokagua vitega uchumi vyake. Pesa huwekwa kwa mikataba ya mudharaba katika benki za Kiislamu au madirisha ya Kiislamu ya benki nyingine, kwenye sukuk zinapopatikana, na kwenye hisa za kampuni zisizojihusisha na pombe, kamari au mikopo ya riba.

Maswali ya ada ni yale yale, maana mfuko kufuata sharia hakuufanyi kuwa wa bei nafuu. Ongeza mengine matatu. Masheikh wa jopo ni nani, na cheti chao ni cha mwaka gani? Pato lisilo halali likiingia kwa bahati mbaya hupelekwa wapi? Zaka huhesabiwa na mfuko au ni juu yangu? Na iwapo mtu anakuambia huu ni mfuko wa halali na faida yake ni asilimia kadhaa kwa hakika kila mwezi, jiulize vizuri. Katika mudharaba faida hugawanywa baada ya kupatikana. Kuiahidi kabla ni kurudi kwenye kile kile ulichokuwa unakikimbia.

Anza wapi kama hujui chochote

Nilimpangia shangazi hatua, naye akamwambia mjukuu wake aziandike kwenye daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari.

*Kwanza, lipa deni la ghali.* Mkopo wa simu unaotoza asilimia 7.5 kwa siku 30 ni sawa na asilimia 90 kwa mwaka ukiukopa upya kila mwezi. Hakuna mfuko duniani utakaokushindia hapo. Shangazi alikuwa na deni la 9,000. Tulilimaliza siku hiyo hiyo kabla ya kuendelea na lolote.

*Pili, weka akiba ya dharura.* Hii ni pesa ya kula miezi mitatu hadi sita mkono ukikauka. Nyinyi mnaofanya kazi za hoteli mnaelewa: Pasaka ikiisha mvua huingia, wageni hupungua, na barua za "kaa nyumbani hadi tukupigie" huanza kutembea. Wavuvi nao huijua kusi ikivuma. Pesa ya namna hii mahali pake ni mfuko wa soko la fedha wenye ada ndogo na unaolipa haraka. Kazi yake ni kukuzuia usikope, hata kama haitakutajirisha.

*Tatu, pesa ya miaka miwili hadi mitano*, kama ya kumalizia nyumba au karo ya sekondari. Hapa ndugu yangu mwenye subira anaweza hata kumruka nahodha. Benki Kuu ya Kenya ina mfumo unaoitwa DhowCSD, ulioanza mwaka 2023, ambapo raia hufungua akaunti kwa simu na kununua hati fungani za serikali moja kwa moja kuanzia shilingi 50,000, bila ada ya meneja ya kila mwaka. Hati za miundombinu kwa kawaida huwa hazikatwi kodi ya riba. Ubaya wake ni kwamba ukihitaji pesa kabla ya muda, lazima umpate mnunuzi, na bei yaweza kuwa chini ya uliyonunulia.

*Nne, pesa ya uzeeni.* Mpango wa pensheni wa mtu binafsi, unaosimamiwa na Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu, ni mfuko pia. Aliyeajiriwa huweka hadi shilingi 30,000 kwa mwezi kabla ya kukatwa kodi ya mshahara. Huwezi kuzitoa kiholela, na kwa wengi wetu kizuizi hicho ni neema. Ada huhusika hapa kuliko popote, kwa sababu pesa hukaa miongo.

*Tano, ondoa mkono wako.* Agiza benki au simu ipeleke kiasi kile kile kila mwezi, siku moja baada ya pato kuingia. Wenye pato la msimu wapeleke zaidi Desemba na Agosti, kidogo Mei. Kisha kagua mara mbili kwa mwaka: je, ada imebadilika, meneja amebadilika, mahitaji yangu yamebadilika? Kama jibu ni hapana, funga daftari. Anayetazama salio kila asubuhi ndiye huuza siku mbaya na kununua siku ghali.

Wazo la Bogle, na ndugu zetu walioko ng'ambo

Hili la ada ndogo na kutogusagusa si langu. Mmarekani John Bogle alianzisha kampuni ya Vanguard mwaka 1975, na mwaka uliofuata akafungua mfuko wa kawaida kwa watu wa kawaida ambao haukuwa na mtaalamu wa kuchagua hisa. Ulinunua tu hisa za kampuni kubwa 500 za Marekani kulingana na fahirisi, bila kubahatisha ipi itapanda. Watu walimcheka. Lakini kwa kuwa hakuwa na wataalamu wengi wa kulipa, ada ilikuwa ndogo, na miaka ilivyopita wengi waliokuwa wakichagua hisa kwa ustadi walibaki nyuma. Tajiri Warren Buffett aliweka dau kwamba kwa miaka kumi kuanzia 2008 mfuko kama huo ungeshinda mifuko ya ghali ya wataalamu, na akashinda.

Kwa hivyo wewe uliyeko Uingereza, Ujerumani au Marekani unayesoma haya ukiikumbuka bahari ya Mtwapa, huko uliko mifuko ya fahirisi inapatikana kwa ada ndogo mno. Baadhi hutoza asilimia 0.03 kwa mwaka, yaani senti tatu kwa kila dola mia. Hapa Kenya mifuko ya aina hiyo bado ni michache sana. Lakini somo lake linafanya kazi hapa pia: hujui soko litafanya nini mwaka ujao, meneja naye hajui, ila ada unaijua leo. Shikilia unachokijua.

Dalili za mwizi

Sasa turudi kwenye lile kundi la WhatsApp. Wakenya waliosimama foleni mwaka 2006 na 2007 kuweka pesa katika biashara za piramidi waliambiwa maneno haya haya, baadhi yao na viongozi wa dini waliowaamini. Wa kwanza walilipwa kwa pesa za waliofuata, wakasambaza habari njema, na mwisho wa foleni wakabaki maskini.

Pesa ikizaa mara mbili kwa siku arubaini, 20,000 ingekuwa zaidi ya milioni 10 kabla ya mwaka kwisha. Anayeujua ujanja huo hana haja na 20,000 za muuza nazi.

Kabla ya kutuma hata shilingi moja, fanya mambo matatu. Tafuta jina kamili la mfuko na la meneja katika orodha ya CMA ya waliopewa leseni. Angalia tahajia, maana matapeli huiga jina la kampuni halali kwa kubadilisha herufi moja. Tuma pesa kwa nambari ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la mfuko pekee, kamwe usitume kwa nambari ya simu ya mtu, hata kama ni wakala, ni binamu, au ni ustadhi wako. Na baada ya kutuma, hakikisha umepata taarifa yenye jina lako na idadi ya vipande vyako. Anayekuhimiza kwamba nafasi inafungwa leo usiku anakuficha jambo. Mfuko halali utakuwepo kesho, na Jumatatu ijayo pia.

Alichoamua

Zile 80,000 ziligawanywa hivi: 9,000 zililipa deni la simu, 11,000 zilinunua mzigo wa nazi kwa sababu biashara yake mwenyewe humlipa kuliko mfuko wowote, na 60,000 ziliingia katika mfuko unaofuata sharia baada ya yeye mwenyewe kupiga simu mbili na kuuliza ada. Mfuko wa kwanza binti wa simu alimzungusha dakika kumi bila kumpa nambari. Wa pili alimjibu kwa sentensi moja. Alichagua wa pili.

Mchezo wake hajauacha, na sikumwambia auache. Kina mama wale humzika mwenzao na kumlea mgonjwa, jambo ambalo hakuna meneja wa mfuko atakalolifanya. Ila sasa kila Ijumaa, baada ya kufunga meza, hutuma 500 kwenye mfuko kabla ya kununua kitoweo.

Juzi alinipigia tena. Nikadhani kuna tatizo.

"Mwanangu, yule kijana wa jirani, siku arubaini zake zimeisha."

"Amelipwa, shangazi?"

"Kundi limefungwa. Simu haziingii." Akanyamaza kidogo. "Mwambie aje umfundishe hii ya ada. Bado kijana, ana muda."